NAKALA NA AKIBA: FUNZO LA HABARI ZA KILWA KATIKA ISTILAHI ZA KANZIDATA

Utangulizi

Katika miaka ya karibuni wanaistilahi wameletewa maneno mengi yahusuyo utunzaji wa taarifa kwa kompyuta: namna taarifa zinavyopangwa, namna zinavyolindwa, na namna zinavyorudishwa kazini baada ya kupotea. Maneno hayo si mali ya mafundi wa mitambo peke yao. Karani wa masjala katika halmashauri ya wilaya, mwalimu anayetunza alama za wanafunzi, mfasiri aliyepewa mwongozo wa programu aufasiri, wote hukutana nayo na wote huyategemea. Neno likiwa na maana mbili, kazi nayo hufanywa kwa namna mbili, na aghalabu namna moja kati ya hizo ina hasara.

Shabaha ya makala haya ni kuchunguza tatizo moja la istilahi kwa njia ya historia. Tatizo lenyewe ni hili: Kiswahili chetu cha ofisini bado hakijatenga vya kutosha kati ya nakala tu, na nakala iliyowekwa makusudi ili kurejeshea kilichopotea. Ili kuionyesha tofauti hiyo tutafuata safari ya kitabu kimoja cha pwani ya kusini, yaani tarihi ya wafalme wa Kilwa. Kitabu hicho kilipotea kwao, kikapatikana ugenini katika nakala mbili zisizolingana, na wanahistoria wakalazimika kuzihakiki kwa sarafu na kwa mawe. Kutoka hapo tutarudi Lindi ya siku zetu, na mwisho tutatoa mapendekezo ya istilahi.

Kanzidata na msimamizi wake

Yafaa kwanza tueleze jambo tunalolizungumzia. Taarifa nyingi zinapokusanywa katika kompyuta, zikapangwa kwa safu na mistari ili kila moja ipatikane kwa haraka na ihusishwe na nyingine, mkusanyiko huo huitwa na wengine hifadhidata na wengine kanzidata. Daftari la vizazi, orodha ya viwanja na wamiliki wake, mishahara ya watumishi, yote haya siku hizi hukaa katika mikusanyiko ya namna hiyo. Mtu aliyekabidhiwa mkusanyiko ni msimamizi wake. Yeye huamua nani aingie na nani asiingie, nani asome tu na nani aweze kubadili; hutazama kwamba kazi inakwenda; na zaidi ya yote, hujibu taarifa zinapotoweka.

Katika makala haya tutatumia kanzidata, na sababu yetu ni ya kiistilahi. Neno hifadhi limekwisha kubebeshwa mizigo mingi. Tunahifadhi barua tuliyoiandika katika kompyuta. Tunaita mkusanyiko hifadhidata. Na programu kadhaa zilizofasiriwa hutuambia tuhifadhi nakala. Vitendo vitatu vilivyo mbali mbali vimevishwa vazi moja. Kanzi, kwa upande wake, ni hazina, kitu cha thamani kilichokusanywa mahali pamoja, na halina kazi nyingine katika lugha ya ofisi.

Msimamizi wa kanzidata hufanya kazi kwa vitu viwili vinavyotegemeana. Cha kwanza ni nakala ya kanzidata nzima, inayochukuliwa kwa wakati maalumu na kuwekwa kando. Cha pili ni daftari ambalo mtambo wenyewe huandika kila badiliko kwa mfuatano: nani kabadili nini, na saa ngapi. Kwa daftari hilo lugha yetu inalo neno la tangu zamani, nalo ni batli, kitabu ambamo nahodha huandika mwendo wa chombo chake siku hata siku. Janga likitokea, msimamizi hurejesha nakala ya mwisho, kisha huifuata batli hatua kwa hatua mpaka afike ukingoni mwa saa ile ya janga. Nakala bila batli humrudisha nyuma. Batli bila nakala haina pa kuanzia.

Tarihi ya Kilwa na nakala zake mbili

Mji wa Kilwa Kisiwani ulikuwa kwa muda wa karne kadhaa mji mkuu wa biashara katika pwani hii, hasa biashara ya dhahabu iliyopitia Sofala. Mwezi Julai 1505 Wareno wakiongozwa na Francisco de Almeida waliuteka, wakajenga ngome, na katika 1512 wakaiacha. Ni katika nusu ya kwanza ya karne hiyo ya 16 ambapo mwenyeji mmoja, ambaye jina lake halikutufikia, lakini ambaye mwenyewe anatueleza kwamba alizaliwa katika mwaka 904 wa Hijra, yaani 1499, aliandika kwa Kiarabu kitabu kiitwacho Kitab al-Sulwa fi Akhbar Kulwa. Maudhui yake ni asili ya mji, wafalme wake kwa mfuatano, na kuja kwa Wareno.

Katika Kilwa kwenyewe kitabu hicho hakikusalia. Mji ulipungukiwa na biashara. Mnamo 1587 ulivamiwa na Wazimba. Na katika miaka ya 1840 sultani wake wa mwisho aliondolewa na utawala wa Unguja, huku shughuli nyingi zikiwa zimekwisha kuhamia Kilwa Kivinje, bara. Mji unapohama, makabati yake ya vitabu hayahami yote.

Lakini habari zenyewe zilikuwa zimekwisha kutoka kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilipita Ureno. João de Barros, ofisa wa nyumba ya biashara ya mfalme iliyoitwa Casa da Índia, hakufika Kilwa, ila alipata huko Lisbon tarihi ya wafalme wa Kilwa, akaifupisha kwa Kireno katika juzuu ya kwanza ya Décadas da Ásia, iliyopigwa chapa katika 1552. Njia ya pili ilipita Unguja. Nakala ya Kiarabu iliyoandikwa kwa mkono katika karne ya 19 ilitolewa na Sultani Barghash bin Said kwa balozi wa Uingereza, John Kirk, ikafika katika makumbusho ya Uingereza mjini London, ambako ilipewa alama Or. 2666. Katika 1895 S. Arthur Strong aliichapisha katika jarida la Royal Asiatic Society, na leo imo katika Maktaba ya Uingereza.

Basi hapa tunazo nakala mbili, kwa lugha mbili, katika miji miwili, zilizopitia mikono isiyojuana. Hapana aliyezipanga hivyo kwa ajili ya kuilinda historia ya Kilwa. De Barros alikuwa akiandika sifa za taifa lake, na Kirk alipokea kitabu kutoka kwa mfalme. Kilwa iliokolewa kwa bahati. Tofauti kati ya nakala na akiba ni kwamba nakala huweza kumwokoa mtu kwa bahati, hali akiba humwokoa kwa mpango.

Zitazameni tena nakala hizo mbili kwa jicho la msimamizi wa kanzidata. Hazilingani. Katika ile ya Kiarabu waanzilishi wa dola walitoka Shirazi, baba na wana sita, katika majahazi saba, na kila jahazi likatia nanga mahali pake. Katika ile ya Kireno mwanzilishi ni mmoja wa wana saba wa mfalme wa Shirazi, naye alikuja kwa majahazi mawili tu. Orodha za wafalme nazo hupishana kwa majina na kwa miaka ya kutawala. Anayeshika nakala moja peke yake hudhani ana habari kamili. Anayeshika mbili hujua kwamba kuna jambo la kuulizia.

Kuna jambo jingine lenye mafunzo. Mwandishi wa Kilwa alitangaza katika utangulizi wake kwamba kitabu kina milango kumi. Nakala ya London inaishia katika mlango wa saba. Asingalitaja hesabu hiyo, msomaji angalifunga kitabu akidhani amefika mwisho. Kwa neno moja, "kumi", mwandishi aliweka kipimo ambacho kimetufikia na kutuonyesha upungufu baada ya zaidi ya miaka 300. Kompyuta hufanya vivyo hivyo: inapotoa nakala ya kanzidata hukokotoa tarakimu kutokana na yaliyomo, na tarakimu hiyo husafiri pamoja na nakala, ili mpokeaji aikokotoe tena na kuona kama yote yamefika. Hatuoni neno lifaalo zaidi kwa tarakimu hiyo kuliko hesabu ya uhakiki.

Lisbon, 1755: uokoaji na urejeshaji

Tarehe 1 Novemba 1755 mji wa Lisbon ulipigwa na tetemeko la ardhi, kisha mawimbi ya bahari, kisha moto uliowaka kwa siku kadhaa. Jumba la mfalme kando ya mto pamoja na maktaba yake, na nyumba ya Casa da Índia pamoja na nyaraka zake za safari za mashariki, viliteketea. Wanaoandika historia ya Kilwa, Sofala na Mombasa wanaihisi hasara hiyo hadi leo.

Mnara wa Torre do Tombo, uliokuwa na kumbukumbu kuu za ufalme, nao uliporomoka. Lakini moto haukuufikia, na hati nyingi zilichimbuliwa kutoka katika kifusi, zikawekwa katika vibanda vya mbao, kisha zikahamishiwa katika jengo la watawa. Kwa upande mwingine, kitabu cha de Barros hakikuhitaji kuchimbuliwa. Kilikuwa kimekwisha kupigwa chapa miaka 200 nyuma, na nakala zake zilikuwa katika maktaba za nchi nyingi.

Matukio haya mawili ya siku moja yanatupa tofauti ambayo wafasiri wetu huichanganya mara kwa mara. Kuchimbua hati katika kifusi ni uokoaji. Unachukua kile kile kilichoharibika na kujaribu kukinusuru, bila kujua kiasi gani kitapona. Mafundi wanaofungua diski iliyoungua ili wasome kilichosalia wanafanya uokoaji. Kuchukua kitabu kilichoko kwingineko na kukirudisha rafuni ni urejeshaji. Ofisi yenye akiba hurejesha. Ofisi isiyo na akiba huokoa, na huokoa kwa gharama kubwa na kwa matumaini madogo. Mfasiri akiandika "uokoaji wa data" pahali palipotakiwa "urejeshaji wa data", amemwambia msomaji kwamba kifusi kilikuwa sehemu ya mpango.

Na tusidhani kwamba mambo hayo yalikwisha pamoja na karne ya 18. Tarehe 26 Septemba 2025 moto ulizuka katika kituo cha kompyuta cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon. Miongoni mwa vilivyoungua ni mtambo ulioitwa G-Drive, ambamo watumishi wa serikali waliweka mafaili yao ya kazi, kiasi cha terabaiti 858. Mitambo mingine ilikuwa na akiba. Huo haukuwa nayo, kwa maelezo kwamba ulikuwa mkubwa mno. Nchi ile ni miongoni mwa zilizoendelea sana katika ufundi wa kompyuta. Ufundi haukuwa kinga ya kutokuwa na akiba.

Sarafu na mawe: uhakiki

Nakala mbili zinapopingana, ni nani mwamuzi? Katika Kilwa mwamuzi alikuwa ardhini. Neville Chittick alichimba magofu ya Kilwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, na matokeo aliyachapisha katika 1974. Sarafu za shaba zenye majina ya wafalme, na mwandiko uliochongwa katika jiwe huko Husuni Kubwa ukimtaja al-Hasan bin Sulaiman, vilithibitisha baadhi ya majina ya tarihi. Ibn Battuta naye, aliyefika Kilwa katika 1331, alimkuta sultani huyo huyo, na habari zake ziliandikwa huko Fez, Moroko, yapata miaka 25 baadaye. Sarafu ya mfalme huyo ilipatikana hata Great Zimbabwe. Mashahidi hawa hawakunakili kutoka katika tarihi, na kwa sababu hiyo ushahidi wao una uzito.

Uhakiki uliendelea. Sarafu za Kilwa kwa kawaida hazina mwaka, na Chittick alikadiria kwamba Ali bin al-Hasan, anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa nasaba ya Kishirazi, alitawala mnamo 1200. Katika 1984 sarafu za fedha zaidi ya 2,000 zilifukuliwa Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, na jina hilo likiwamo, pamoja na dinari za kigeni zilizosaidia kupima wakati. Wataalamu wakarudisha tarehe nyuma hadi karne ya 11. Hivyo ndivyo uhakiki ulivyo: si jambo la kufanywa mara moja likaisha.

Hata mawe yenyewe si akiba ya milele. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia katika 1981. Katika 2004 yalitiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu ya mmomonyoko na uchakavu, na yakatolewa humo katika 2014 baada ya kazi ya kuyakarabati na kuyalinda.

Methali yetu husema akiba haiozi. Katika kanzidata akiba huoza. Mkanda wa sumaku huchakaa, diski hukwama, programu iliyoandika faili hutoweka, na nywila hufa na aliyeijua. Kwa hiyo msimamizi mwangalifu haridhiki kwa kuona faili lipo. Kila baada ya muda hulichukua, hulirejesha katika mtambo mwingine, akahesabu mistari na kusoma taarifa chache kuona kama ni zile zile. Zoezi hilo ni jaribio la urejeshaji. Kabla ya jaribio hilo hatuna haki ya kusema kwamba tuna akiba. Tuna nakala tu, na tumaini.

Kumbukumbu zisizo na karatasi

Msomaji aweza kusema kwamba tumezungumzia wafalme na mabalozi tu. Pwani hii inao mfano wa watu wa kawaida. Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, nyuma ya Kilwa, na mpaka 1907 vilikuwa vimeharibu sehemu kubwa ya kusini ya nchi. Maandishi ya serikali ya Kijerumani yalieleza vita kwa jicho la aliyeshinda. Kwa bahati njema kulikuwa na mashahidi wengine. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga utenzi juu ya vita hivyo, nao ulichapishwa pamoja na tafsiri yake ya Kiingereza katika 1957, kwa kazi ya W. H. Whiteley. Kisha mnamo 1968 wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam walikwenda vijijini kuandika maelezo ya wazee, na G. C. K. Gwassa, pamoja na John Iliffe, wakatoa kitabu cha kumbukumbu za vita hivyo.

Tangu vita kuanza hadi kazi hiyo kufanywa ilipita miaka 60 na ushei. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 katika 1905 alikuwa amepita miaka 80. Kazi hiyo isingaliweza kufanywa kizazi kimoja baadaye. Msimamizi wa kanzidata hulijua swali hilo, ingawa hulipima kwa saa wala si kwa miaka: kati ya nakala ya mwisho na janga, tuko tayari kupoteza kiasi gani? Ikiwa akiba huchukuliwa kila Ijumaa jioni, na batli imeungua pamoja na mtambo, janga la Alhamisi humeza kazi ya karibu wiki nzima. Kiasi hicho kinachokubalika tunapendekeza kiitwe kikomo cha upotevu. Swali la pili ni muda gani wananchi wanaweza kungojea huduma irudi. Hicho na kiitwe kikomo cha kungoja. Vikomo hivyo viwili si vya fundi kuviamua peke yake. Mkuu wa ofisi ndiye ajuaye kama wilaya yake yaweza kukaa siku tatu bila daftari la ardhi.

Janga na maafa katika pwani ya Lindi

Pwani ya Lindi si ngeni wa majanga. Kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja Aprili 1872, na kingine kiliupiga mji wa Lindi Aprili 1952. Mafuriko ya Januari 2020 yaliua watu na kubomoa makazi katika wilaya ya Kilwa. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, na mvua zake zikaikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi katika wilaya hiyo hiyo ya Kilwa. Siku nane baadaye, tarehe 12 Mei, nyaya za mawasiliano zipitazo chini ya bahari zilipata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikadorora nchini Tanzania na katika nchi jirani.

Tuyaweke matukio hayo mawili ya Mei 2024 pamoja. Ofisi yenye akiba yake katika chumba kile kile cha mtambo huko Kilwa ingeweza kupoteza vyote viwili kwa mafuriko. Ofisi yenye akiba yake nje ya nchi tu ingekuwa nayo salama salimini, lakini isiweze kuifikia upesi. Ndiyo sababu mafundi hushika kanuni ya tatu, mbili, moja: nakala tatu za taarifa, ikihesabiwa na ile asilia, ziwe katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe mbali. Pwani hii inatufundisha tuongeze: na moja iwe karibu, pahali palipoinuka.

Umbali nao una swali lake la kisheria. Mwenyeji wa Kilwa atakaye kuitazama nakala ya tarihi ya mji wake hana budi kwenda London. Taarifa za wananchi wetu zisije zikawa hivyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaweka masharti ya kusafirisha taarifa hizo nje ya nchi, na mpango wowote wa akiba unapaswa kuyaheshimu. Akiba iliyo mikononi mwa mtu asiyelazimika kukurudishia ni zawadi uliyompa.

Hapa pia istilahi inahitaji kunyooshwa. Maneno janga na maafa hutumika ovyo ovyo moja badala ya jingine. Sisi tungependa janga liwe tukio lenyewe, kama kimbunga, moto, au wizi wa mtambo, na maafa yawe madhara yanayobaki nyuma yake. Kimbunga hatuwezi kukizuia. Kupotea kwa daftari la vizazi kwa sababu ya kimbunga twaweza kukuzuia. Lugha ikitenga hayo mawili, wajibu nao hutengeka.

Istilahi tunazopendekeza

Tumefika penye neno lenyewe. Kwa dhana ya nakala iliyowekwa ili kurejeshea, maneno matatu yanashindana.

(i) Nakala rudufu. Kurudufu ni kuzidisha, kutoa nyingine kama ile, kama ilivyofanya mashine ya kurudufu katika ofisi zetu za zamani. Neno ni zuri, lakini linataja kitendo wala halitaji kusudi. Zaidi ya hayo, linahitajiwa pengine. Upo mpango ambapo mtambo wa pili hufuata wa kwanza papo kwa papo, badiliko kwa badiliko. Mpango huo husaidia mtambo wa kwanza unapozimika. Lakini mtu akifuta orodha kwa makosa, mtambo wa pili nao hufuta. Huo ndio urudufishaji hasa, nao si akiba.

(ii) Chelezo. Neno hili, linalotokana na kuelea, limeingia katika baadhi ya tafsiri za programu. Taswira yake ni nzuri: kitu kinachobaki juu ya maji chombo kinapozama. Lakini chelezo ni pia mahali pa kuundia na kutengenezea meli, na ndivyo wananchi walivyolisikia sana katika habari za ujenzi wa meli Mwanza. Kitenzi chake nacho hakifai, kwani kueleza kumekwisha kuwa na kazi yake kubwa.

(iii) Nakala ya akiba, au kwa kifupi akiba. Kila mtu anajua akiba ni nini. Huwekwa kando, haiguswi katika matumizi ya kila siku, na imewekwa kwa ajili ya siku ya dhiki. Kusudi limo ndani ya neno.

Tunapendekeza la tatu, na kutokana nalo familia ifuatayo. Kuweka akiba: kutoa nakala ya kurejeshea. Akiba kamili: nakala ya kanzidata yote. Akiba ya nyongeza: yaliyobadilika tu tangu akiba iliyotangulia, ya aina yoyote. Akiba ya tofauti: yote yaliyobadilika tangu akiba kamili ya mwisho. Urudufishaji: ufuataji wa papo kwa papo. Batli: daftari la mabadiliko. Hesabu ya uhakiki: tarakimu ya kupimia ukamilifu. Jaribio la urejeshaji: zoezi la kuithibitisha akiba. Urejeshaji: kurudisha kutoka katika akiba. Uokoaji: kunusuru kutoka katika kilichoharibika. Mpango wa urejeshaji baada ya janga: maandishi yanayosema nani atafanya nini, kwa mfuatano gani, na kwa vikomo vipi. Na kumbukumbu libaki kwa nyaraka zinazotunzwa kwa thamani yake ya kihistoria, kama zilivyo chini ya Sheria ya Menejimenti ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002. Akiba hubadilishwa na mpya, kumbukumbu haibadilishwi.

Hitimisho

Tarihi ya Kilwa imetufikia ikiwa na milango saba kati ya kumi, na muhtasari wa Kireno usiokubaliana nayo. Kwa kitabu kilichopitia vita, uvamizi, kuhama kwa mji na bahari mbili, si haba. Lakini hiyo ni hesabu ya bahati, na bahati haiwezi kuandikwa katika waraka wa utumishi. Karani wa leo aliyeandikiwa "hifadhi nakala" ataweka faili la pili kando ya la kwanza, katika mtambo ule ule, na atakuwa ametii kila neno aliloambiwa. Karani aliyeandikiwa "weka akiba" atauliza: wapi, kila baada ya siku ngapi, na nani ataijaribu? Maswali hayo matatu ndiyo kazi tunayotaka istilahi ifanye.

Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa masjala wayapime mapendekezo haya katika kazi zao, hasa walioko katika wilaya za pwani, na walete maoni yao kabla orodha haijasanifishwa.